Maktaba ya Chuo Haijapitwa na Wakati Butiama

Imekuwa kauli ya kawaida, kuanzia vibaraza vya vyuo hadi vikao vya bajeti: siku hizi kila kitu kipo Google, maktaba ya nini tena? Anayeisema mara nyingi ana nia njema. Anaona mwanafunzi ana simu janja mkononi, bando limo, mtandao unashika hadi vijijini, basi anahitimisha kwamba fedha za kuajiri wakutubi, kuunganisha chuo na kanzidata za majarida ya kisayansi na kufundisha namna ya kuzitafuta zingefaa zaidi kujengea bweni. Kauli hiyo imeenea, na mkoani Mara inakuja wakati mbaya, kwa sababu Butiama kuna chuo kikuu kinachojengwa, Chuo Kikuu cha Mwalimu Julius K. Nyerere cha Kilimo na Teknolojia, kimojawapo cha vyuo vinavyonufaika na HEET, mradi wa kuendeleza elimu ya juu ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia Dola milioni 425 mwaka 2021. Chuo kichanga ndicho chenye nafasi ya kupanga mambo yake vizuri tangu mwanzo, na ndicho pia kilicho rahisi kurithi fikra potofu za wakati wake. Ninachokitetea hapa ni kwamba kauli ya "kila kitu kipo Google" inapotosha popote inaposemwa, lakini Mara inapotosha zaidi kuliko Dar es Salaam au London, na ushahidi wa hilo umo katika utafiti wenyewe uliofanyika mkoani humu.

Wengi hudhani Mara haijatafitiwa, kwamba wanasayansi huishia Mwanza au Arusha. Si kweli. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu katika wilaya ya Tarime walipooza miguu ghafla, na waliopooza hawakurudi kuwa kama zamani. Chanzo kilikuwa mihogo michungu iliyoliwa kabla ya kuandaliwa ipasavyo. Njaa ilipobana, siku za kuanika na kuvundika zikapunguzwa, sianidi ikabaki ndani ya unga, na mboga zenye protini ya kuusaidia mwili kuiondoa sumu hiyo hazikuwepo. William Howlett, George Brubaker, Nicholas Mlingi na Hans Rosling waliuchunguza ugonjwa huo na kuchapisha matokeo mwaka 1990 katika jarida la Brain, na makala yao bado ni msingi kwa yeyote anayeandika juu ya konzo, jina ambalo ugonjwa huo unalo katika tiba duniani kote. Kabla ya hapo, kati ya mwaka 1977 na 1982, watoto wa chini ya miaka 10 wa Tarime na Rorya ya leo waligawiwa klorokwini kwa kipindi kirefu ili kujua kama kupunguza malaria kutapunguza saratani ya Burkitt, saratani ya watoto ambayo Denis Burkitt aliieleza akiwa Mulago, Uganda, mwaka 1958. Matokeo yalichapishwa mwaka 1989 katika jarida la Marekani la epidemiolojia. Saratani ilipungua, ila ilikuwa imeanza kupungua hata kabla ya dawa kugawiwa, na malaria yenyewe ikarudi juu huku vimelea vikizidi kuizoea klorokwini. Ni matokeo yasiyotoa jibu jepesi, na kwa sababu hiyohiyo yanapaswa kusomwa na kila mwanafunzi wa afya mkoani Mara. Wilaya ya Serengeti, kwa upande wake, ndiyo iliyotoa sehemu kubwa ya takwimu za kichaa cha mbwa zilizochapishwa mwaka 2009 katika PLoS Biology na Katie Hampson na wenzake, akiwemo mtaalamu wa mifugo Mtanzania Magai Kaare. Makala hiyo hutajwa dunia nzima pale inapojadiliwa kama kichaa cha mbwa kinaweza kutokomezwa kwa chanjo.

Sasa tazama vichwa vya makala hizo tatu. Ya konzo inasema ni ugonjwa wa mlipuko wa neva uliochunguzwa Tanzania. Haitaji Mara wala Tarime, na hata mihogo haimo katika kichwa chake. Ya klorokwini inataja saratani ya Burkitt ya Kiafrika na mpango wa kupunguza malaria, basi. Msomaji hawezi kujua kama ni Shirati au Senegal. Ya kichaa cha mbwa inazungumzia mwenendo wa maambukizi na matarajio ya kuutokomeza ugonjwa, bila kutaja Serengeti wala Tanzania. Hili halikutokea kwa bahati. Mwandishi anayetaka kuchapishwa katika jarida kubwa hulazimika kuonyesha kwamba anachokisema kinaihusu dunia, na hatua ya kwanza ya kuonyesha hivyo ni kuliondoa jina la mahali kwenye kichwa cha habari. Kwa hiyo utafiti wa Mara umehifadhiwa kwa namna inayomficha mtu wa Mara asiuone. Kijana wa Bunda anayeandika sentensi moja kwenye kisanduku cha Google akitaja mihogo, kupooza na Musoma anaweza kukaa jioni nzima asiifikie makala ya 1990, kisha akamwandikia msimamizi wake kwamba suala hilo halijatafitiwa mkoani kwao. Msimamizi asiyejua naye anapitisha. Hivi ndivyo tasnifu zinavyopata ile sentensi ya "hakuna utafiti uliowahi kufanyika", sentensi ambayo mara nyingi ina maana moja tu, kwamba mwandishi hakujua kutafuta.

Mtu atajibu kwamba injini tafuti za leo zinasoma hadi ndani ya maandishi, hazitegemei kichwa cha habari peke yake. Ni kweli, na Google Scholar, iliyoanza mwaka 2004, imewasaidia watafiti wengi; sitaki kuidharau. Lakini jaribu kuitumia kwa jina la mkoa huu. Neno Mara litakuletea Maasai Mara ya Kenya, kwa sababu nyumbu na simba wa ng'ambo ya mpaka wameandikwa mno. Litakuletea mnyama wa Argentina anayeitwa mara. Litakuletea watafiti ambao Mara ni jina lao la kuzaliwa au la ukoo, na litakuletea makala nyingi sana kutoka Malaysia, ambako kuna chuo kikuu kikubwa kiitwacho Universiti Teknologi MARA, kwa hiyo neno hilo limo katika anwani ya kila mwalimu wake anayechapisha. Juu ya hayo yote, mashine hupanga matokeo kwa kuzingatia sana idadi ya waliokwisha kuinukuu makala, hivyo chenye wafuasi wengi hupanda na uchunguzi mdogo wa visima vya Buhemba hushuka hadi ukurasa ambao hakuna anayeufungua. Kanzidata ya majarida inayotafutwa kupitia maktaba haifanyi kazi hivyo. Humo unaweza kuamuru neno litafutwe katika ikisiri tu na si katika anwani za waandishi. Unaweza kuondoa Kenya, kuondoa Malaysia, kubakiza miaka unayoitaka na kubakiza makala zilizopitiwa na wataalamu. Faharasa ya mada iliyotengenezwa kwa uangalifu, kama ile ya PubMed inayoweka mihogo chini ya jina Manihot, hukusanya pamoja makala ambazo waandishi wake walitumia maneno tofauti kwa kitu kilekile. Na kuna jambo ambalo wanaoitetea Google huliruka: njia hiyo ya kutafuta inaandikika. Mtafiti anaweza kueleza katika tasnifu yake alitafuta wapi, siku gani, kwa maneno gani, akapata makala ngapi na kuacha zipi, na mwingine akarudia hatua hizohizo kumhakiki. Aliyetafuta kwa simu, kwenye akaunti yenye kumbukumbu ya mambo anayoyapenda, hana anachoweza kumwonyesha mtahini.

Mfano wa karibu zaidi ni dagaa. Tuseme mtafiti anataka kujua yote yaliyoandikwa kuhusu namna dagaa wanavyoharibika wanapoanikwa kwenye mchanga katika mialo ya Musoma, na hasara inayompata mchuuzi mvua inaponyesha ghafla. Akiandika dagaa, atapata kwanza samaki wa Ziwa Tanganyika, ambao ni jamii nyingine kabisa, na dagaa wa baharini wa Tanga na Kilwa, ambao nao ni wengine. Dagaa wa Musoma, kwa jina la kisayansi, ni Rastrineobola argentea. Jina hilo litafungua mlango mkubwa, lakini makala za zamani zilimwita Engraulicypris argenteus, na asiyelijua jina hilo hatafika kwenye vizazi vya kwanza vya utafiti wa ziwa, ule uliofuata uchunguzi alioufanya Michael Graham mwaka 1927 na 1928. Kisha kuna majirani. Samaki huyuhuyu Kisumu anaitwa omena na Uganda anaitwa mukene, na kwa kuwa ziwa ni moja, mambo mengi kuhusu kumkausha yaliyochunguzwa upande wa Kenya au Uganda yanamhusu mwanamke wa mwalo wa Mwigobero sawasawa. Kwa hiyo swali linaloonekana la neno moja linakuwa na majina matano yaliyounganishwa kwa OR, yakafungwa kwenye mabano, yakaunganishwa kwa AND na maneno ya kukausha, kuharibika na hasara baada ya mavuno, kila moja likiwa limekatwa mwishoni kwa kinyota ili miisho yote ya neno ishikwe. Mkutubi aliyefundishwa na anayelijua ziwa hupanga swali hilo kwa muda mfupi. Wanafunzi wengi hawajawahi hata kuambiwa kwamba jambo hilo lipo.

Majina ya mahali yanatatiza zaidi kuliko ya samaki, na hapa ndipo hoja ya Google inapovunjika mikononi mwa mwenye kuishika. Wilaya ya Butiama ilianzishwa mwaka 2012. Kabla yake eneo hilo lilikuwa Musoma Vijijini. Rorya ilimegwa kutoka Tarime mwaka 2007. Bunda na Serengeti nazo hapo zamani zilihesabiwa ndani ya Musoma. Tarime yenyewe iliitwa North Mara katika maandishi ya Kiingereza, jina ambalo leo watu wengi wanalijua kama la mgodi wa dhahabu, na kabla ya hapo sehemu yote hii ilikuwa ndani ya Jimbo la Ziwa. Wajerumani waliiandika Shirati kwa tahajia yao, Schirati. Wanajiolojia hawana habari na wilaya hata kidogo: kwao Buhemba ipo katika ukanda wa miamba wa Musoma-Mara au katika maeneo ya dhahabu ya Ziwa Victoria, kama walivyoandika J. R. Ikingura na H. Akagi mwaka 1996 walipochapisha vipimo vya zebaki katika samaki na watu. Hakuna kanzidata duniani inayojua historia hii ya utawala wa Mara, na hakuna mashine itakayomkumbusha kijana wa Butiama kwamba wilaya yake haikuwa na jina hilo makala zilipoandikwa. Anayeijua ni mtu wa hapa. Mtu huyo akiwa pia ni mkutubi anayejua sehemu za kutafutia, viunganishi na faharasa, ndipo utafiti unapopatikana. Kwa hiyo ninapotetea maktaba ya chuo Butiama sitetei jengo wala rafu. Natetea mkutano wa aina mbili za ujuzi, wa mahali na wa kanzidata, ambao hauwezi kuagizwa kutoka Morogoro au Marekani, maana mmojawapo huzaliwa na kukulia hapahapa.

Wapo wanaokubali yote hayo lakini wanasema tatizo ni fedha: majarida yana bei, sisi ni maskini, tutafundishana vipi kutafuta tusichoweza kukifungua? Hoja hii ina sura ya ukweli na imewavunja moyo watu wengi. Mwanafunzi anayefika kwenye makala kupitia Google hukutana na ukurasa unaodai Dola 30 au 40 kwa makala moja, zaidi ya Sh 70,000, akafunga na kuondoka akiamini elimu imefungiwa matajiri. Hakuna aliyemwambia kwamba makala nyingi kati ya hizo angezisoma bila kulipa senti angepitia mlango wa maktaba. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa HINARI kwa majarida ya tiba. FAO ikafuata mwaka 2003 na AGORA kwa ajili ya kilimo, uvuvi na chakula. Kisha OARE ya mazingira mwaka 2006, ARDI ya teknolojia mwaka 2009 na GOALI ya sheria mwaka 2018, zote zikiwa chini ya mwavuli wa Research4Life. Tanzania, kwa kuwa imo katika kundi la nchi zenye maendeleo duni, ipo kwenye kundi linalopata huduma hiyo bure. Kinachotakiwa ni taasisi kujisajili na kupewa jina la mtumiaji na nywila. Mtu binafsi hasajiliwi. Hapa naomba msomaji asimame kidogo: mlango huu hauwezi kufunguliwa na mwanafunzi mwenye simu, hata awe na bando la mwezi mzima, kwa sababu umewekwa kwa jina la taasisi. Bila maktaba inayojisajili, inayotunza nywila, inayofuatilia matatizo na kuwatangazia watu, haki ambayo nchi inayo tayari inabaki bila kutumika. Kisha kuna vilivyo huru, kabisa au kwa sehemu kubwa: AJOL, iliyoanza mwaka 1998, yenye majarida ya Afrika likiwemo Tanzania Journal of Science, PubMed Central ya tangu mwaka 2000, orodha ya DOAJ ya tangu 2003. Na kuna COTUL, umoja wa maktaba za vyuo vikuu na utafiti nchini, unaowezesha vyuo kuchangiana gharama za vile visivyo vya bure. Fedha ni tatizo, ndiyo. Lakini lingekuwa ndilo tatizo kuu, vya bure vingekuwa vimekwisha kusomwa vyote.

Tena mfano wa kichaa cha mbwa unamjibu anayesema kwamba dunia inaelekea kwenye machapisho huria, kwa hiyo tusubiri tu milango yote ifunguke. Makala ile ya 2009 ilikuwa huria tangu siku ilipochapishwa. Yeyote Mugumu au Natta angeweza kuifungua. Swali ni wangapi waliifungua kati ya maofisa mifugo wa kata na waganga wa zahanati wanaopokea watu waliong'atwa na mbwa. Kitu kilicho huru si lazima kiwe kimepatikana. Tena uhuria umeleta taka zake, majarida ya kitapeli yanayochapisha chochote kwa malipo ya mwandishi bila mtaalamu yeyote kukipitia, na hayo kwenye Google yamevaa nguo zilezile za majarida ya kweli. Mwaka 2016 DOAJ yenyewe iliondoa zaidi ya majarida 3,000 kwenye orodha yake baada ya kutaka yote yajieleze upya na hayo yakashindwa kufanya hivyo. Kazi ya kuchuja haiishi, na inahitaji mtu aliyeajiriwa kuifanya.

Hoja mpya kuliko zote ni ya akili mnemba. Zamani walisema Google, sasa wanasema uliza programu ya mazungumzo nayo itakupa mapitio yote ya machapisho kwa dakika moja, hata kwa Kiswahili. Wanaosema hivyo wajue kilichotokea New York mwaka 2023, ambapo mawakili walitozwa faini ya Dola 5,000 na mahakama ya shirikisho kwa kuwasilisha hukumu za kesi ambazo hazijawahi kuwepo, zilizobuniwa na programu ya aina hiyo. Programu hizi zimekuwa zikitunga marejeo yenye majina ya waandishi yanayofanana na ya kweli, mwaka, toleo na kurasa, vyote vikiwa vimepangika vizuri. Na hatari ya kutungiwa huzidi pale mada ilipoandikwa kidogo. Ukiuliza kuhusu kisukari, mashine imesoma mengi mno. Ukiuliza zebaki ya Buhemba au dagaa wa Mwigobero, ilichosoma ni kiduchu, na penye pengo ndipo inapojaza kwa kubuni. Kwa hiyo chombo hiki ni dhaifu zaidi palepale mtu wa Mara anapokihitaji zaidi. Kinaweza kusaidia kupata maneno ya kutafutia, kufupisha makala ambayo mtu tayari anayo mkononi, kutafsiri ikisiri. Kila rejeo kinalolitoa, hata hivyo, lazima litafutwe katika kanzidata ili ijulikane kama lipo, na hapo tumerudi maktaba.

Kuna pingamizi moja ambalo naliheshimu kuliko yote, nalo halitoki kwa wanaopenda Google bali kwa wanaochukia kuomba. Wanasema Research4Life ni hisani ya wachapishaji wakubwa wa Ulaya na Marekani, na hisani hunyimwa. Hawabahatishi. Januari 2011 wachapishaji kadhaa waliyaondoa majarida yao zaidi ya 2,000 kutoka HINARI kwa watumiaji wa Bangladesh bila taarifa ya kutosha, na ni kelele za wanasayansi na majarida ya tiba yenyewe zilizowafanya warudi nyuma. Kanuni za nani apate bure huangalia pato na hali ya maendeleo ya nchi, maana yake siku tunayosherehekea kupanda daraja ndiyo tunayoweza kuletewa ankara. Pia ni dhuluma kwamba wagonjwa wa Tarime walitoa damu na simulizi zao, na matokeo yakawa mali inayouzwa na kampuni ya ng'ambo. Nakubali haya yote. Lakini angalia yanatupeleka wapi. Ikiwa mlango unaweza kufungwa kesho, basi leo ndiyo siku ya kuingia, kutafuta kila kilichoandikwa kuhusu Mara, na kutengeneza orodha yake kamili inayokaa hapa, yenye majina ya zamani na ya sasa ya wilaya, majina ya Kiswahili na ya kisayansi ya samaki na mimea, pamoja na ripoti za miradi kama ule wa usimamizi wa mazingira ya Ziwa Victoria wa miaka ya 1990 ambazo hazimo katika jarida lolote. Orodha hiyo hakuna mchapishaji anayeweza kuizima. Aliyejifunza kutafuta hanyang'anywi ujuzi wake, naye ndiye atakayejua kumwandikia mtafiti barua pepe na kumwomba nakala, jambo ambalo watafiti wengi hulikubali kwa furaha. Wengine husema tovuti za kiharamia kama Sci-Hub zimemaliza tatizo. Hizo humpa makala mtu anayejua tayari ni makala gani anaitaka, na tangu kesi iliyofunguliwa Delhi mwishoni mwa 2020 Sci-Hub imekuwa nyuma sana katika makala mpya. Mtu asiyejua kuna nini cha kutafuta haibiwi chochote wala haibi chochote; anabaki palepale.

Umeme na mtandao nisivirefushe. Vinakatika, na Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika karibu nchi nzima ilikwama. Ila makala moja ya kisayansi kwa kawaida ni nyepesi kuliko video fupi ya mpira ambayo simu hizihizi zinapakua kila jioni, na kutafuta kwa mpangilio hutumia bando dogo kuliko kuperuzi bila dira. Chuo Kikuu cha Cornell kilithibitisha tangu 1999, kwa mpango wa TEEAL, kwamba hata maktaba nzima ya majarida ya kilimo inaweza kupelekwa kwenye vyuo visivyo na intaneti ikiwa imehifadhiwa kwenye diski.

Linalostahili muda ni lugha, na ni nani hasa anayetafutiwa. Watasema: mkulima wa Kiabakari hasomi Kiingereza cha majarida, na mvuvi wa Majita hana haja na ikisiri. Hakuna anayependekeza kumkabidhi mvuvi nywila. Kati ya jarida na mkulima yupo afisa ugani, yupo tabibu wa Hospitali ya Rufaa ya Mwalimu Nyerere pale Kwangwa, yupo mwalimu anayefundisha walimu Bunda, yupo mkufunzi wa maendeleo ya jamii Buhare. Watu hawa wamesoma, Kiingereza wanakijua kwa kiwango cha kazi yao, na siku waliyohitimu ndiyo siku kanzidata zilipofungwa usoni mwao, kwa sababu nywila ni ya chuo. Hapo ndipo dosari kubwa ya maktaba zetu ilipo, na ndipo wanaozishambulia wangeweza kusema jambo la maana kama wangeliona: zimewahesabu wanafunzi peke yao kuwa ndio wasomaji. Mikataba mingi ya majarida huruhusu mgeni anayeketi ndani ya maktaba kusoma kama wengine, na Research4Life yenyewe husajili hospitali, ofisi za serikali, vituo vya ugani na asasi, si vyuo vikuu peke yake. Hospitali ya Kwangwa inaweza kuwa na mlango wake. Halmashauri ya Bunda vilevile. Chuo cha Butiama kinaweza kuwa ndicho kinachowasaidia kujisajili na kuwafundisha. Maktaba ya mkoa iliyopo Musoma inaweza kutenga meza moja ambapo swali la afisa ugani kuhusu batobato ya mihogo linapokelewa Jumatatu, linatafutwa Butiama, na kurudi likiwa na kurasa mbili za Kiswahili zinazoeleza nini kimejulikana, wapi, na kwa uhakika kiasi gani. Ukame ukirudi na mihogo michungu ikawa ndicho chakula pekee kilichobaki, maofisa wa afya Tarime wanahitaji kurasa hizo ziwe zimeandikwa na kusambazwa kabla mtu wa kwanza hajashindwa kusimama. Anayeweza kuziandaa ni mkutubi wa sayansi aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, na nafasi yake iingie kwenye ikama ya chuo mwaka huuhuu wa bajeti.